Louis wa Mwaka wa Mujerumani

1 mwezi wa 8, 1964. Siku ya posho.

Nimefungua kaye hii ya kuandikia kwa sababu mutoto wangu Muyisa amelala, mvua imeanza, na nikikaa bure nitaenda kumutukana baba yake mbele ya watu.

Mbegu za maharagi ziko ndani ya kikapo tangu siku ya tatu. Shamba nimelilima mwenyewe, mutoto mugongoni. Bwana yangu Mathe alisema leo atakuja tupande pamoja. Sasa ni saa tisa ya muchana na ninamusikia kutoka hapa nyumbani, pale anapotengeneza velo, baiskeli za watu, anapiga kengele, halafu anapaaza sauti: "Round ya saba!" Hakuna mutu anayepigana kule. Kuna wanaume sita juu ya mabenchi mawili, chini ya mabati, katikati ya velo zilizopinduliwa magurudumu juu. Wanapiganisha mabondia ambao hawakukutana hata siku moja.

Ilianza mwaka wa uhuru. Mugriki aliyekuwa ananunua kahawa hapa Butembo alikimbilia Uganda, akamwachia Mathe sanduku la vyuma vya velo. Chini ya vyuma kulikuwa magazeti ya Kifaransa ya mabondia, kama makumi matatu, ya tangu mbele ya vita mpaka 1956. Tangu hapo kila siku ya posho, kila jumamosi, ni vile. Jack Johnson wa wakati wa babu zetu anapigana na Sonny Liston wa juzi, wanayemujua kwa radio. Dempsey anapigana na Louis. Mathe anasoma gazeti, maana ni yeye peke yake kati yao mwenye Kifaransa kidogo. Wengine wanabishana, na mwisho yeye anatoa hukumu. Neno lake halirudishwi.

Wana sheria yao: kila mutu anakuja na miaka yake ya nguvu. Hairuhusiwi kumuleta Johnson akiwa amezeeka na kumusimamisha mbele ya kijana. Mukali wa sheria hiyo ni muzee Kasonia, jirani yetu. "Louis wangu," anasema, "ni Louis wa mwaka wa Mujerumani. Mwingine simujue." Ni mwaka ule Joe Louis, mweusi wa Amerika, alimwangusha Mujerumani Schmeling ndani ya round ya kwanza.

Nimepanda mistari mine peke yangu, halafu mvua ikanifukuza.

2 mwezi wa 8. Siku ya Mungu.

Misa. Mathe alibeba Muyisa njia nzima, kwenda na kurudi. Watu walimucheka, ati mwanaume amekuwa yaya. Hakujali, akamuimbia mutoto wake. Siku kama hizi ninasahau yote.

5 mwezi wa 8.

Maharagi yameisha kupandwa. Mugongo hauko wangu tena.

8 mwezi wa 8. Siku ya posho.

Inasemwa waasi, wale Basimba, wamekamata Stanleyville. Ni mbali. Wanaume walizungumza habari hiyo kidogo tu, halafu wakarudi kwa Clay.

Ni Idi aliyemuleta huyo Clay. Idi ni Mwislamu wa Beni, ana kamyo, gari la mizigo, anapakia samaki kule Kyavinyonge na kuuza mpaka hapa kwetu. Alirudi kutoka Kasindi, mupakani, na picha iliyokatwa ndani ya gazeti la Uganda, kijana amefungua kinywa kama anataka kumeza mutu.

"Uyu ndiye alimufanya Liston akatale kusimama pa kiti," Idi alisema. "Na sasa jina yake ni Mohamed. Mutu wa dini yangu. Muzee Kasonia, leta Louis wako."

"Louis wa mwaka wa Mujerumani?"

"Leta ule unapenda. Mulete ata na mama yake!"

Kasonia aliangalia picha kwa muda murefu. "Uyu mutoto anacheza. Anacheza sawa mwanamuke pa ndoa. Louis hapana cheza, Louis anangojea. Saa utachoka kucheza, yeye iko pale."

"Round kumi na tano, muzee, Clay hachoke."

"Kumi na tano! Wakati ya Johnson balikuwa banapangiwa batu round makumi ine na tano, pa jua. Bale ndio batu. Benu bananyweshwa maji kila dakika tatu sawa batoto."

Mathe alipiga kengele kumi na tatu. Kwenye round ya kumi na tatu Clay alichoka kucheza, na Louis alikuwa pale. Idi aliruka juu, akamunyooshea Mathe kidole: "Juge ya Kikatoliki! Lakini hii ni wizi!" Wote walicheka. Hata mimi nilicheka, nyuma ya mulango, na mutwangio wa sombe, majani ya muhogo, mukononi.

Niseme neno juu ya Kasonia, nisije nikawa mubaya kwake ndani ya karatasi. Alikuwa askari wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji. Wakati wa vita walimupeleka Misri, na kule askari mweusi wa Amerika alimuonyesha picha ya Louis, akamugusa kifua, akagusa picha, akamugusa kifua tena. Ndivyo anavyoeleza, maana hawakuwa na luga moja. Aliporudi Wabelgiji walimufanya kapita, musimamizi wa watu wa barabara, na baada ya uhuru bureau ya teritwari, ofisi ya serikali, ikamwacha kazini. Kusoma hajui. Bibi yake alikufa, mutoto wake mumoja tu, Kamate, ni mwalimu kule Eringeti, upande wa Beni. Siku Muyisa alitaka kuzaliwa, Mathe alikuwa Beni, Kasonia ndiye alinipandisha juu ya velo yake akaisukuma mpaka kwa masère, masista wa hospitali, anateleza ndani ya matope na kuniambia, "Usiogope, binti yangu, round ya mwisho."

Kila wiki, mbele ya kuondoka, anaomba kitu kimoja: "Mathe, soma pale pa Marciano." Mathe anachukua gazeti la 1951, anasoma polepole namna Louis, hata kama alikuwa ameisha kuzeeka, alisimama round ya nane akamulalisha yule muzungu. Muzee anafunga macho. Halafu anaenda kwake.

11 mwezi wa 8.

Muyisa ana homa. Mvua.

15 mwezi wa 8. Sikukuu ya Bikira Maria.

Mvua kubwa, hakuna mutu wa mabenchi aliyekuja ila Kasonia. Kamyo ya Idi ilipita bila kusimama muzuri. Alimutupia Kasonia barua kupitia dirisha, akapaaza sauti kwamba imetoka kwa Kamate, na kwamba yeye harudi upande wa Beni, anaelekea Lubero. Magurudumu yalitujaza matope.

Kasonia alimupa Mathe barua. Nilikuwa pale, nimeleta uji. Mathe aliangalia karatasi muda mukubwa kuliko kawaida. Halafu akasoma: "Baba, salamu. Niko muzima. Basimba wako mbali, na hawana neno na watu wa kazi. Njia ni mbaya kwa sababu ya mvua. Ukae na amani. Nitakuja Noeli."

Kasonia alilia bila kujificha. Nyumba yake inavuja, hivi akasema barua ilale ndani ya sanduku la Mathe, pamoja na Louis.

18 mwezi wa 8.

Nitaandika yote.

Maji yaliingia kwenye sanduku la magazeti. Nikayatoa niyaanike juu ya jiko. Barua ya Kamate ilikuwa juu, imelowa, na nikaifungua isije ikaoza. Kiswahili chake kizuri, cha mwalimu, herufi zimesimama. Inasema:

"Baba, ukisomewa barua hii usingoje kesho. Basimba wamefika huku. Wanaita kwa majina: watu wa bureau, makapita, askari wa zamani. Wanasema ni kwenda kuandikwa tu. Walioenda kuandikwa hawakurudi. Mimi niko porini na wanafunzi wawili. Kimbilia kwa mama mudogo kule Kyondo, usibebe kitu. Baba, ninakuomba kwa magoti."

Noeli haimo. Amani haimo.

Halafu nikatafuta gazeti la 1951. Kurasa mbili za katikati zimebandikwa na gundi ya kuziba mipira ya velo. Nikazitenganisha na kisu. Kuna picha ya Louis amelala nje ya kamba, mugongo chini, muguu mumoja juu. Nywele zimeanza kuisha. Kifaransa changu ni cha shule ya masère, lakini kinatosha: ni Marciano aliyeshinda, round ya nane.

Mathe alipoingia nilimuwekea vyote viwili mbele, juu ya meza.

"Ulisoma," alisema.

"Nilisoma. Na weye ulisoma?"

"Nilisoma."

"Basi hukukosea."

Alikaa. Alisema mambo mengi, na yote yalikuwa kweli, ndiyo sababu nilizidi kukasirika. Kwamba mara ya kwanza, mwaka wa uhuru, Kasonia alikuwa ametoka kumuzika bibi yake. Alimuuliza Louis na Marciano ilikuwa namna gani, na yeye hakuweza kumuambia. Kwamba ukiisha kusema mara moja, wiki inayofuata wanakuja na masikio yale yale. Kwamba juzi alifungua barua, akamuona muzee anamutazama kinywa, na kinywa kikasema chenyewe.

"Hapana sema kinywa," nilimuambia. "Enda kwake sasa."

"Mvua, Mama Muyisa."

"Sasa."

"Siku ya Mungu, baada ya misa. Polepole. Nikimuambia barua ni vile, ataniuliza: na Louis?"

Niliangalia bwana yangu. Mutu anaweza kufa, na yeye anafikiri benchi lake.

19 mwezi wa 8.

Mvua. Hajamuambia.

20 mwezi wa 8.

Mvua. Muyisa anakohoa. Hajamuambia. Anasema alifika mpaka mulangoni kwa Kasonia, akakuta anaimba.

21 mwezi wa 8.

Hajamuambia.

22 mwezi wa 8. Siku ya posho.

Askari wa serikali wamepita wanaelekea kusini, wengine bila viatu. Mwanamuke mumoja sokoni alimuuliza askari Basimba wako wapi, akamujibu kwa Lingala kitu ambacho sitakiandika.

Chini ya mabati walikuja watatu tu. Walipiganisha Marciano na Liston. Nilisimama nyuma ya mulango nikasikiliza mpaka mwisho, nikingoja Mathe aseme. Alipiga kengele. Alitoa hukumu. Kasonia akaomba pale pa Marciano, na Mathe akasoma. Na gazeti lenyewe lilikuwa ndani ya nyumba, chini ya kitanda changu. Alisoma karatasi nyingine kabisa.

23 mwezi wa 8. Siku ya Mungu.

Baada ya misa Mathe alisema kichwa kinamuuma, akalala.

Nikamufunga Muyisa mugongoni, nikaweka barua na gazeti ndani ya kikwembe nilichojifunga, nikavuka kwa Kasonia. Alikuwa anachoma mahindi.

"Wavukire, baba."

"Wavukire, binti yangu. Mutoto anaendelea?"

Nikamuambia moja kwa moja. Barua ya Kamate haiko vile Mathe alisoma. Nikaisoma yote, neno kwa neno, hata pale pa magoti. Alisikiliza na kichwa chini, namna anavyosikiliza siku za posho.

"Hapana," alisema. "Mathe alisema Noeli."

"Mathe alikuficha, baba."

"Anifiche sababu gani?"

Hapo ndipo nilikosa. Nilifikiri: akiona kwa macho yake kwamba Mathe anadanganya, ataamini barua. Ningepiga magoti. Ningemuvuta mukono mpaka njia ya Kyondo. Ningelia, hata mutoto angelia nami. Badala yake nikatoa gazeti.

"Angalia, baba. Pale pa Marciano. Mathe alipabandika na gundi. Louis ndiye alianguka."

Alichukua gazeti akalipeleka mulangoni kwenye mwangaza. Mahindi yakaungua.

"Uyu ni nani?"

"Ni Louis."

"Uyu muzee? Haiko na nywele."

"Ni yeye, baba. Imeandikwa hapa chini."

"Mama Muyisa." Alisema taratibu, kama mutu anayefundisha mutoto. "Miye ninamujua Louis. Nilishika picha yake na hii mukono. Louis iko na kifua sawa mulango. Uyu banamutupa inje sawa mufuko. Ni mutu mwingine." Halafu akaangalia barua mukononi mwangu. "Kama karatasi inaweza kusema uyu ni Louis, karatasi inaweza kusema kila kitu."

"Basi umuite Mathe!"

Akamuita. Mathe alikuja bila viatu, uso wa mutu aliyeamushwa. Sikuamini kichwa kile kinamuuma.

"Mathe, bibi yako anasema Louis alianguka. Na anasema mutoto wangu anasema nikimbie. Sema."

Sijawahi kumuomba mutu na macho namna ile. Nilimuomba juu ya siku alimubeba Muyisa mpaka misa. Aliangalia picha. Aliangalia mimi. Aliangalia muzee, na uso wa muzee ulikuwa umefunguka, unamungojea.

"Mutoto iko na homa tangu wiki mbili," Mathe alisema. "Mama yake halale. Umusamehe, muzee."

Kasonia alikunja gazeti akanirudishia. Macho yake yalinihurumia. "Enda ulale, binti yangu," alisema, na akanipa hindi moja ambalo halikuungua.

Nilivuka njia. Mathe alikuwa nyuma yangu, ninasikia miguu yake ndani ya matope. Sikugeuka.

24 mwezi wa 8.

Sisemi naye.

26 mwezi wa 8.

Basimba wameingia Butembo saa ine ya asubui, wengine vijana kabisa, majani kichwani, wanasema maji ya mganga wao yanageuza risasi. Waliingia kila nyumba kutafuta karatasi. Nilichoma barua mbele hawajafika kwetu. Picha za mabondia, Mathe alizobandika ukutani, walizipasua, wakasema ni Waamerika. Kijana mumoja alimuuliza Mathe: "Na hawa weusi nao ni Waamerika?" Mathe akasema ndiyo. Kijana akabaki anashangaa, halafu akazipasua polepole zaidi.

29 mwezi wa 8. Siku ya posho.

Wamepiga ngoma sokoni: makapita wote na askari wa zamani waende bureau kuandikwa.

Maneno yale yale ya barua. Kuandikwa.

Kasonia alipita mbele yetu amevaa kofia yake ya Force Publique, viatu vimepakwa mafuta. Nilitoka mbio. Nikamushika mukono: "Baba, usiende. Ni vile Kamate aliandika." Alinipigapiga mukono kama unavyomutuliza mugonjwa, akamuangalia Mathe juu ya bega langu.

"Ni kuandikwa tu?"

Mathe alishika ufunguo wa kukazia magurudumu. Midomo yake ilikuwa nyeupe. "Labda ungoje kidogo, muzee," alisema. "Labda kesho."

Labda! Mutu anapita mbele yako kuenda kufa, na kitu unachompa ni labda.

"Kesho ni siku ya Mungu," Kasonia alisema. "Babureau hapana tumika siku ya Mungu." Akaenda. Alitembea muzuri, mugongo umenyooka.

30 mwezi wa 8.

Hajarudi.

31 mwezi wa 8.

Hajarudi. Mathe alikwenda mpaka karibu na bureau. Alirudi, akatapika nyuma ya nyumba. Nikamuchotea maji.

9 mwezi wa 9.

Maharagi yamekua. Ninapalilia shamba la kwetu na la Kasonia. Mutu akiuliza ninasema mwenyewe amesafiri.

17 mwezi wa 9.

Mvua. Kila mutu anakuja na miaka yake ya nguvu. Leo nikipalilia nilijiuliza yangu ni miaka gani. Ningemuleta yule Marie-Jeanne niliyekuwa, wa shule ya masère, wa miaka kumi na sita, aliyeshika nafasi ya kwanza kusoma kwa sauti, nimusimamishe mbele yangu mimi wa leo. Angeanguka round ya pili. Yeye hajui kubeba kitu.

2 mwezi wa 10.

Mathe halali tena. Analima shamba la Kasonia mbele jua halijatoka, peke yake. Nilitaka kumuchukia mpaka mwisho, lakini ni kazi nzito, na nina kazi nyingine. Jana Muyisa alimuita "Tata", baba, mara ya kwanza. Alimunyoshea mikono, na Mathe aliogopa kumushika.

28 mwezi wa 10.

Serikali imerudi, pamoja na wazungu wa kukodishwa kupigana. Basimba wamekimbia kupitia mashamba, wamekanyaga maharagi yetu. Nyuma ya bureau wamefukua shimo. Walimutambua Kasonia kwa viatu.

1 mwezi wa 11. Watakatifu wote.

Tumemuzika. Padri alisema maneno mafupi maana walikuwa wengi. Mathe alichimba kaburi mwenyewe, hakutaka mutu amusaidie.

6 mwezi wa 11.

Sasa askari wa serikali wanatafuta waliosaidia Basimba. Ézéchiel, fundi wa nguo wa njia yetu, alikuwa ameshoneshwa nguo na Basimba kwa nguvu, bunduki juu ya mashine. Jana walimupeleka nyuma ya kinu cha unga, wakamupiga risasi. Hakuna aliyemuuliza ilikuwa kwa nguvu ao kwa mapenzi.

8 mwezi wa 11. Siku ya Mungu.

Kamate amefika.

Nilimutambua kwa namna anavyosimama, ni ya baba yake. Amekonda, shati ni la mutu mwingine. Alikuwa na askari wawili wa serikali, waliomuleta kutoka Beni ndani ya kamyo yao. Wanamuita mwalimu, anawaonyesha njia na nyumba. Askari mumoja alikaa juu ya benchi, bunduki juu ya magoti, na kuuliza kama hatuna kasiksi, pombe ya ndizi. Wa pili alibaki amesimama, anahesabu velo kwa macho.

Mathe alikuwa ananyoosha gurudumu. Alisimama. Walisalimiana kwa mikono miwili.

"Nimetoka kaburini," Kamate alisema. "Banasema weye ndiye ulichimba. Wasingya, kaka, asante."

Mathe alimuvutia benchi la pili.

"Nilimuandikia barua. Nilimupatia Idi. Ilifika?"

"Ilifika," Mathe alisema.

"Mbele ya Basimba kuingia?"

"Mbele. Siku kumi na moja mbele."

Kamate aliangalia chini. Niliona anahesabu siku kumi na moja, na njia ya Kyondo ambayo ni ya siku moja. Alipoinua kichwa uso ulikuwa umebadilika.

"Baba hapana jua kusoma. Nani alimusomea?"

Askari wa benchi aliacha kuuliza kasiksi.

Mathe aliweka kinyundo chini, akapanguza mikono ndani ya suruali, mukono mumoja, halafu wa pili. Ninamujua bwana yangu. Nilijua kwamba safari hii atasema. Kitu ambacho hakuweza kusema kwa mvua yote ile, alikuwa nacho sasa kwenye ulimi, na mabega yake yalikuwa yameshuka kama ya mutu anayetua muzigo. Angekisema, wangemuita mutu wa Basimba, wangemupeleka nyuma ya kinu, na angekwenda akiwa ametulia.

Na Muyisa alikuwa mugongoni kwangu, anavuta kitambaa changu cha kichwa.

"Miye," nikasema.

Wote wakageuka.

"Ni miye nilimusomea. Siku ya Mungu, kwake, anachoma mahindi. Nilisoma yote, mpaka pale unamuomba kwa magoti. Alikatala kuenda."

Hakuna neno hapo ambalo ni la uwongo. Ninaliandika ili nilione. Hakuna hata moja.

Mathe alifungua kinywa. Nikamuangalia, na akakifunga.

Kamate alikuja karibu nami. "Alikatala? Alisema nini?"

Alisema karatasi inaweza kusema kila kitu. Alisema nikalale. Nilikuwa nayo yote tayari, sawasawa namna ilivyokuwa. Halafu nikaona macho yake. Yalikuwa kinywani kwangu, yanangojea, na nikajua kitu ambacho Mathe alikiona kila siku ya posho kwa miaka mine, kitu nilichomuitia muwoga na muwongo.

"Alisema weye ni mutoto muzuri," nikamuambia. "Alisema askari wa zamani hapana kimbia. Alikuwa anacheka."

"Alicheka?"

"Alicheka. Aliweka barua yako hapa, pa kifua."

Kamate alifunga macho. Uso wake wote ukatulia, pole pole. Askari wa benchi alisimama akaenda kutafuta moto wa sigara. Mathe alikuwa ameinama tena juu ya gurudumu, lakini sikusikia kinyundo.

"Na nini tena, mama?" Kamate aliuliza, macho yamefungwa.

Nikamupa tena.